Pesa Haipigi Rivasi

Mwaka 2011 nilikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu Tanga, karibu na soko la Mgandini. Asubuhi moja mama muuza dagaa alikuja anahema. Alikuwa ametuma shilingi 85,000 kwa mtu wa Pangani, tarakimu mbili za namba zikapishana, pesa ikaenda kwa mtu asiyemjua. Siku hizi kuna njia nyingi za kujinusuru. Wenzetu wa Kenya hupeleka ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenda namba 456 na kazi inaanza. Mimi siku ile nilipiga simu huduma kwa wateja, muziki ukalia dakika ishirini, nikachoka. Nikaona bora niandike barua pepe makao makuu. Na kwa kuwa nilikuwa na vyeti vyangu vya kidato cha sita na kiburi chake, nikaandika kwa Kiingereza. Niliamini Kizungu kinaharakisha mambo.

Sentensi yenyewe naikumbuka herufi kwa herufi: "I kindly request for reversal to my customer." Nilitaka kusema naomba mteja wangu arudishiwe pesa.

Jibu lilikuja mapema kuliko nilivyotegemea, maneno matatu: "Reversal of what?" Yaani, kugeuza nini?

Nikajibu kwa ujasiri: "Of money." Baada ya muda simu ikaita. Mzee mmoja, sauti ya taratibu, Kiswahili cha bara: "Kijana, pesa haipigi rivasi. Nipe namba ya muamala."

Nilimsomea namba. Akatafuta, akaniambia mpokeaji alikuwa ameshazitoa zile pesa kwa wakala wa mtaani kwao. Hakuna cha kufanya bila yeye mwenyewe kukubali. Mama akanitazama akasema, "Sasa hilo neno lako la Kizungu limerudisha nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nilimkopesha elfu ishirini, akaenda zake.

Ile kauli ya "pesa haipigi rivasi" nilidhani ni mzaha wa mtu mzima. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba lilikuwa somo zima la sarufi.

Shida yangu ilianzia masikioni. Kabla ya kibanda nilikuwa silijui neno hilo kwa kulisoma, nililijua kwa kulisikia: rivasi. Utingo anapigapiga bodi, rudi, rudi, kata kulia, hapo hapo! Dereva anaingiza rivasi, gari linarudi kinyumenyume mpaka kwenye ukuta. Kwa hiyo kichwani mwangu chochote kinachorudi kilikotoka kilikuwa "reversal". Pesa iliyokwenda ikirudi, "reversal". Barua iliyokosa mwenyewe posta, "reversal". Mwanafunzi aliyekariri darasa, naye ningempa.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba kwenye gari lenyewe, neno hilo Waingereza hawalitumii. Miaka michache baadaye niliandika maelezo ya ajali kwa ajili ya bima: "The accident happened during the reversal of the car." Wakili aliyesaidia faili lile alikata kwa kalamu nyekundu akaandika "while the car was reversing". Gari likirudi nyuma ni "reversing". Gia ni "reverse". "Reversal" imeachwa kwa mambo yasiyo na magurudumu.

Mambo gani hayo? Hapo ndipo yule mzee wa simu alipokuwa amenitangulia. "Reversal" ni jina la tendo la kukigeuza kitendo au hali iliyokwisha kuwapo: uamuzi, hukumu, muamala, sera, mwelekeo, mpangilio. Muamala ni kitendo, kwa hiyo unageuzwa: "the reversal of the transaction". Pesa ni kitu, haina tendo ndani yake la kugeuzwa. Pesa hurudishwa, na huko Kiingereza kina "refund", kina "return", kina "repayment", kila moja na mahali pake. Kwa Kiswahili sisi hatuoni tofauti kwa sababu kitenzi chetu ni kimoja: turudishie pesa, turudishie muamala, yote ni kurudisha. Nilikuwa nimebeba kurudisha kizima na kukivika koti la Kizungu.

Niseme haki: utakuta fomu za kibenki zilizoandikwa "reversal of funds", na wahasibu wakaelewana vizuri tu. Lugha ya kazini ina mikato yake. Lakini anayejifunza akianza na mkato, hajui barabara kuu iko wapi.

Na lile "request for"? Nalo lilikuwa kosa, ila ni la kila ofisi Afrika Mashariki, wala sitalipigia kelele. "Request" ikiwa kitenzi haihitaji "for", ikiwa nomino inaihitaji: "we request a reversal", "our request for a reversal". Basi.

Kibanda kilikufa mwaka 2013 nilipoibiwa floti yote, ile pesa ya kuendeshea miamala. Nikapata kazi ya ukarani kwenye ofisi moja ya mikopo midogo, na kule ndiko nilikoanza kuonekana mtu wa Kiingereza, maana waliobaki walikuwa wanakiogopa zaidi yangu. Kosa langu la pili na neno hili lilitokea hapo. Niliandika kwenye muhtasari wa kikao: "The decision of the committee was reversal." Nilikuwa nimelichukua kama kivumishi. Utanilaumu? Kiingereza kimejaa vivumishi vyenye mkia huo: "formal", "legal", "annual", "final". Nani angejua kwamba huyu mwenye mkia uleule ni nomino?

Dawa niliipata kwa mwalimu mstaafu tuliyekuwa tukikaa naye kibarazani jioni, kahawa na kashata. Alinihesabia vidoleni: "arrive" inazaa "arrival", "refuse" inazaa "refusal", "approve" "approval", "deny" "denial", "survive" "survival", "renew" "renewal". Na "reverse" "reversal". Hizo ni nomino zote, na zinatokana na vitenzi. Kisha akaniambia nivitamke vile vitenzi kwa sauti. Mkazo uko wapi? Uko mwishoni, kila kimoja. Ndiyo maana, alisema, hutasikia "cancelal": "cancel" mkazo wake uko mwanzoni, kwa hiyo kinakwenda kutafuta "cancellation". Na "deliver", ambacho mkazo wake uko katikati, kinakwenda "delivery". Mkaidi ni "bury", mkazo mwanzoni na bado kinatoa "burial". "Hata ukoo wa watu wema hukosi mmoja," mzee akasema, akamimina kahawa.

Nilifurahi mno kwa kanuni ile hata kesho yake nikaandika "returnal". "Return" si ina mkazo mwishoni? Ikabidi nirudi kibarazani niambiwe kwamba kanuni ile inakusaidia kulitambua neno lililopo. Haikupi ruhusa ya kufyatua mapya.

Kipindi kilichonifunza zaidi ni cha tafsiri. Nilianza kutafsiri kwa vipande vipande, barua za vikundi, ripoti za miradi, kisha nyaraka za kimahakama. Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama Tanzania, kazi za kuhamisha Kiingereza cha hukumu kwenda Kiswahili ziliongezeka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimelifuata neno hili kwa mlango mmoja tu. Nilikuwa nikijiuliza kila mara, Kiingereza chake ni nini? Sasa nikalazimika kuuliza kinyume: Kiswahili cha "reversal" ni kipi?

Hakuna. Yaani hakuna kimoja. Kiswahili hakina haja ya nomino moja ya kugeuza mambo kwa sababu kugeuza kumo ndani ya vitenzi vyetu vyenyewe. Ndiyo ile kauli ya kutendua tuliyofundishwa shuleni tukaisahau baada ya mtihani. Ukifunga unafungua. Ukikunja unakunjua. Ukiziba unazibua. Ukipanga unapangua, ukibandika unabandua, ukianika unaanua mvua ikianza, ukiezeka paa unaliezua, ukichomeka unachomoa, ukijitwika mzigo unautua. Ukivaa unavua. Ukitega mtego unautegua. Kitenzi kimoja, ukikigusa mkiani kinarudi kinyumenyume chenyewe, bila "re" wala "of". Bibi yangu hakusoma hata darasa moja na alikuwa akitendua siku nzima: anafungua kanga, anaanua mpunga, anabandua chungu jikoni.

Kwa hiyo ukikutana na "reversal" kwenye nyaraka, huwezi kulitafsiri kabla ya kuuliza ni kitendo gani kilifanyika kwanza. Kama ni uamuzi, unatenguliwa. Kama ni mpango, umepanguliwa. Kama ni mwelekeo wa bei, umegeuka. Kama ni utawala, umepinduliwa, na huo hauitwi "reversal" bali "overthrow". Mfasiri mwenzangu mmoja alikuwa akiandika "urejeshaji" kila mahali. Ukisoma "urejeshaji wa hukumu" unafikiri hukumu iliyofutwa imerudi, kumbe mwandishi alimaanisha imefutwa. Msomaji anapelekwa upande wa pili wa mto.

Kutengua ndiko kulikonitesa zaidi, maana Tanzania neno hili limekuwa la habari za saa mbili usiku. Rais ametengua uteuzi wa fulani. Nilipewa habari ya namna hiyo niipeleke kwenye Kiingereza na nikaandika kwa furaha "the reversal of the appointment". Mhariri akanirudishia: "revocation". Nilibisha. Kutengua si ndiko kugeuza uamuzi? Alinieleza kwa upole kwamba "reversal of the appointment" inaweza kusomeka kama vile uteuzi wenyewe ulikuwa kosa na mambo yamerudi kama hayakuwahi kutokea. Mtu aliyekaa ofisini miaka mitatu akasaini barua elfu, kazi yake haijafutika. Aliyemteua amechukua tu madaraka aliyompa. Hiyo ni "revocation", kama leseni. Tangu hapo kila nikisikia "utenguzi" redioni, mkono unaniwasha.

Mahakamani ndiko Kiingereza kinapopanga maneno haya kama vikombe kabatini, na ukikosea kikombe watu wanakutazama. Mahakama ya juu ikigeuza uamuzi wa mahakama ya chini katika kesi ileile, hapo "reversal" imekaa kwake: "the reversal of the High Court's decision". Lakini mahakama ikiachana na msimamo wake wa zamani uliowekwa katika kesi nyingine, Wamarekani wanasema "overrule". Ndivyo Mahakama ya Juu ya nchi yao ilivyofanya tarehe 24 Juni 2022 katika suala la utoaji mimba: ilikuwa "overruling" ya uamuzi wake wa mwaka 1973, ingawa magazeti yalitumia maneno ya kila aina. Na uamuzi wa mahakama ya rufaa ya chini katika kesi iliyokuwa mbele yao siku ileile ulikuwa "reversed". Maneno mawili, siku moja, jengo moja.

Majaji wetu wao wana mazoea yao. Rufaa ya jinai ikifaulu, utakuta sentensi inayojirudia kama kibwagizo: "we quash the conviction and set aside the sentence". Hatia inafutwa kwa neno moja, adhabu inaondolewa kwa jingine. Kutafsiri zote mbili kwa "kutengua" ni kuonyesha kwamba hukusikia wimbo. Na Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, waandishi wa Kiingereza waliandika "annulled", "nullified". Mtu akisema "reversal of the election" utadhani aliyeshindwa ametangazwa mshindi. Haikuwa hivyo. Uchaguzi ulirudiwa.

Kuna kidogo kingine kilichonisumbua, "reverse" na "reversal" zikiwa nomino zote mbili. Hili niliambiwa na mtu aliyekuwa na sarafu ya shilingi 200 mkononi. Upande huu Mzee Karume, upande wa pili simba wawili. Ule wa simba Kiingereza kinauita "the reverse". Hakuna kitu kilichogeuzwa. Simba wamekaa hapo tangu sarafu ilipogongwa. "The reverse" ni upande wa pili, ni kinyume chake: "the reverse is true". Sasa akaizungusha ile sarafu kidoleni, Karume akaenda chini simba wakaja juu. "Hii ndiyo reversal," akasema, halafu akainunulia sigara.

Na kwa sababu ni tukio, linahesabika, kwa hiyo linadai kile kijineno "a" ambacho sisi hatuna na hatukioni umuhimu wake: "a sudden reversal", "a complete reversal". Nikiandika kwa haraka mpaka leo nakisahau.

Ukiona wingi, "reversals", tahadhari. Ripoti moja ya ushirika ilisema wanachama walikuwa "suffered several reversals" kwenye msimu ule wa mkonge. Sarufi yao nayo ilikuwa imeteguka kiuno, lakini nilielewa kitenzi, na nikatafsiri kwamba walirudishiwa fedha mara kadhaa. Mwenyekiti aliposoma alicheka mpaka akakohoa. "Turudishiwe na nani? Tulipigwa!" Kwa wingi, neno hili mara nyingi ni mapigo, mambo kwenda mrama baada ya kuanza vizuri. Nilikuwa nimewapa wakulima pesa ambazo hawakuwahi kuziona.

Mdogo wangu ni muuguzi wa dawa za usingizi, na kwake neno hili ni la kila siku. Upasuaji ukiisha wanasema "mpe reversal", wakimaanisha neostigmini pamoja na atropini, ili misuli iliyokuwa imelegezwa na dawa ipate nguvu tena na mgonjwa aweze kupumua mwenyewe. Nilimuuliza kwa utundu, kinachogeuzwa ni nini hapo? Mgonjwa? Akaniona mjinga. "Mgonjwa tunamgeuza wakati wa kumtandikia. Kinachogeuzwa ni kazi ya dawa." Hakuwa na habari kwamba amerudia maneno ya yule mzee wa simu.

Mama yetu alipougua miguu tulimhamishia kwangu. Nilikuwa nikimwogesha, nikimchagulia samaki miiba, nikimsukuma alale mapema. Mfanyakazi mwenzangu kutoka Uingereza alikuja kumjulia hali, akaona, akasema kwa huruma: "It's a real role reversal, isn't it?" Nilimwelewa kabisa. Kisarufi ni safi: nomino imekaa mbele, haihitaji "of", nafasi mbili zimebadilishana wenyewe. Mama akaniuliza mgeni anasema nini. Nilianza kutafuta. Majukumu yamegeuka? Yamepinduka? Kila nililolishika lilikuwa na harufu ya kitu kilichoharibika. Mwishowe nikamwambia, "Anasema sasa ni zamu yangu."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama vile mgeni amesema jambo la kawaida sana. Mwingereza anaona mambo yamegeuka, mama anaona foleni imesogea. Sijapata tafsiri bora kuliko ile na sijui kama ni tafsiri.

Mwezi uliopita kijana mmoja ofisini, mkali wa kompyuta, aliandaa tangazo la wafanyakazi. Mwezi wa nyuma mfumo ulikuwa umekata makato ya mkopo mara mbili kwa watu wote, na uongozi ulikuwa umekubali kuyarudisha. Kijana akaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: "REVERSAL OF SALARIES". Akatuma kwa kila mtu saa nne asubuhi, kisha akaenda kunywa chai.

Nilipofika mezani kwake simu tatu zilikuwa zinalia kwa pamoja. Dereva mmoja alikuwa amesimama mlangoni na karatasi ya benki mkononi, anauliza mshahara wake unachukuliwa kwa kosa gani. Kwa yeyote anayejua Kiingereza kidogo, tangazo lile lilisema mishahara iliyokwisha kulipwa inanyang'anywa. Kilichotakiwa kugeuzwa kilikuwa makato.

Nilimwita kijana arudi. Nikakaa kwenye kiti chake, nikamuuliza, "Reversal of what?"

"Of money, kaka," akasema.

Nikafuta "salaries", nikaandika "deductions", nikatuma upya. Dereva alisoma mara mbili, akaikunja karatasi yake, akaikunjua, akasema ataamini akiona salio.